Kopo la Maganda la Ndugu Wawili

Ganda la risasi likikataa kuingia kwenye bunduki, kitu cha kwanza kulaumiwa ni grisi. Ama umepaka kidogo, ama umepaka kupita kiasi, ama umesahau kuifuta. Hayo nilifundishwa na mzee mmoja Mreno wa Rosettenville, kusini mwa Johannesburg, katika kibanda cha bati nyuma ya nyumba yake. Alinifundisha kwa Kiswahili.

Nilifika kwake mwaka 2016 kutengeneza geti. Niliacha shule darasa la sita, Tabora, na tangu hapo sehemu yoyote nikikaa muda naanza kuwashwa na miguu. Johannesburg nilikuwa nimeshusha majora ya vitambaa Fordsburg, nimelinda magari Marshalltown, nimelala sakafuni kwa Wakongo vinyozi walioniita Mtanzania utadhani ndilo jina nililobatizwa. Siku ile ya geti nilikuwa nimesimama juani nazungumza na simu, namwambia rafiki yangu kwamba huyu mzungu anaonekana bahili, tangu asubuhi hata chai hajanipa. Sauti ikatoka dirisha la jikoni.

"Chai iko. Sukari njo haiko."

Nilizima simu. Mzee akatoka na kikombe, ameshika kwa viganja viwili kama mtu anayebeba ndege, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi. Akaniuliza natokea wapi na Kiswahili hiki cha kitabu. Yeye alizaliwa Lubumbashi, ambako "ndiyo" husemwa "njo", baba yake alikuwa na duka la vyombo, na yeye na mdogo wake walikulia barabarani na watoto wa pale. Mama yao hakuwahi kukijua Kiswahili, kwa hiyo kila walilotaka asilisikie walilisema kwa lugha hiyo, mbele yake, mezani. Walipohamia kusini wakiwa vijana waliendelea hivyo hivyo. Kireno kilikuwa cha kanisani na cha mama. Kiswahili kilikuwa cha wao wawili.

Geti lilikwisha, nikabaki. Nilipalilia, nilibeba mizigo, nilimfungulia makopo ya samaki. Mkewe alikuwa amekufa na binti yake aliishi Cape Town. Halafu siku moja akanipeleka kibandani, akanionyesha mashine ndogo ya chuma iliyofungwa kwenye meza kwa bolti, yenye wenzo mrefu, akaniambia nivute.

Aliniambia mapema mipaka yangu. Vibali vilikuwa vyake. Baruti na fataki, kile kidude cha kuwashia kinachokaa kitakoni mwa ganda, vilikuwa ndani ya sefu, na ufunguo ulikaa shingoni mwake pamoja na msalaba. Mimi nilishika maganda matupu tu, na yeye alikaa pembeni kwenye kiti cha plastiki muda wote. Lakini nilikuwa mtu wa kuuliza, na yeye alikuwa hana wa kumjibu, kwa hiyo tulielewana.

Ganda likishafyatuliwa huvimba, likajaa ndani ya bunduki kama unga uliosukumwa kwenye kopo. Likitoka, limechukua umbo la bunduki ile. Ukitaka kulitumia tena ni lazima ulibane lirudi udogo wake, na kazi hiyo hufanywa na kalibu, bomba nene la chuma lililofungwa juu ya mashine. Unalipaka ganda grisi, unavuta wenzo, ganda linapanda ndani ya kalibu, linatoka limekondeshwa. Ukipaka grisi kidogo linanasa humo na utalitoa kwa jasho. Ukipaka nyingi linatoka na vishimo mabegani. Niliharibu mengi. Mzee alikuwa akiyaokota na kuyatupa kwenye ndoo bila kusema, kisha siku nyingine, tunakunywa chai, ananiuliza kama Tabora watu wote wana mikono ya kukandia ugali.

Umeme ulipokatika kazi haikusimama. Tulisogeza meza mlangoni tukaendelea.

Juu ya rafu kulikuwa na kopo kubwa la maziwa ya unga, limefunikwa kwa kifuniko cha bati na kuzungushiwa utepe mweusi. Niliuliza kuna nini. Akasema ni maganda ya zamani, niliache. Nikauliza kwa nini. Akanituma kuchemsha chai. Habari niliipata kidogo kidogo, nyingine kwake, nyingine kwa mama wa spaza, kiduka cha pale kona, aliyewajua wote wawili.

Mdogo wake aliishi barabara ya tatu kutoka pale. Alikuwa na jicho moja.

Tangu utotoni waliwinda pamoja. Baba yao aliwapa bunduki moja na kopo moja, na hata baadaye kila mmoja aliponunua bunduki yake, zote za aina moja, kopo lilibaki moja. Wakishapiga, maganda yote yalirudi humo. Wawindaji wengine huweka maganda yao kwenye visanduku, kila mtu na yake, wameyaandika kwa kalamu. Hao wawili waliwacheka. Kwao, kuuliza hili la nani ilikuwa sawa na kuuliza nani kala wali mwingi. Kaka ndiye aliyebana na kujaza, kwa wote wawili, kwa sababu ndiye mkubwa.

Usiku wa kuamkia safari yao ya mwisho alijaza baruti akiwa na chupa ya divai mezani. Mdogo wake alipita akaiona. Kesho yake porini, huko Limpopo, mdogo alipiga risasi ya kwanza na moto ukarudi nyuma, kupitia kwenye komeo, kile chuma kinachofunga bunduki nyuma ya risasi, ukamwingia jichoni pamoja na vipande vya shaba. Kaka aliendesha gari mpaka hospitali mdogo wake amelala kiti cha nyuma, kitambaa usoni, anasema neno moja tu kwa Kiswahili, divai, divai. Baada ya hapo hakusema naye tena. Barabara tatu. Walikutana kanisani, walikutana kwenye foleni ya mkate, na mdogo aligeuza shingo ili upande usio na jicho ndio umwelekee kaka yake.

Mzee hakuwahi kukana. Hilo ndilo lililonishangaza. Nilimuuliza kama kweli alizidisha baruti.

"Sijui," alisema. "Njo mubaya yake, sijui. Ningejua nilizidisha, ningelia nimalize. Ningejua sikuzidisha, ningeenda kugonga geti yake. Nilikuwa nimekunywa. Mulevi anakumbukaka nini?"

Divai aliiacha. Kumbukumbu haikurudi kwa kuiacha.

Mwaka uliofuata, baridi ilipoanza kushika, binti yake alikuja kutoka Cape Town akatembea nyumba nzima akigusa kuta zenye unyevu. Wakakubaliana kwamba nyumba itauzwa na mzee atahamia kwake baridi ikiisha. Nimesema wakakubaliana, lakini mzee alikuwa ameangalia chini muda wote. Binti alipoondoka akaniambia anataka kwenda porini mara moja, ya mwisho. Maganda mapya aliyokuwa akiyatumia kwenye uwanja wa shabaha yalikuwa yamepasuka shingo karibu yote. Akatazama rafu.

"Teremsha kopo," alisema.

Tukakata utepe. Ndani maganda yalikuwa meusi ya moshi, hayajabanwa tangu siku ile. Chini kabisa, ndani ya kitambaa, kulikuwa na kipande kifupi, kitako tu cha ganda, kama kofia ndogo. Nilikiweka pembeni. Mzee aligeuza uso, akasema ndicho cha siku ile.

Tuliyasafisha, nikayapaka grisi, nikayabana. Halafu akaleta bunduki yake ili tujaribu kama yanaingia, yakiwa matupu bado. La kwanza likaingia, komeo likafunga laini. La pili vivyo hivyo. La tatu komeo likakataa kushuka. La nne likaingia. La tano na la sita yakakataa.

Tulianza na grisi, kama kawaida. Nikayafuta yaliyokataa kwa kitambaa kikavu, yakakataa. Nikasafisha kalibu kwa brashi, nikayabana tena, nikivuta wenzo mpaka mwisho na kuuacha hapo kidogo, yakakataa. Tukadhani meza inalegea, nikakaza bolti zake. Mzee akadhani ni urefu wa shingo, tukapima, zilikuwa sawa. Kilichonikera ni kwamba mashine ni ile ile, kalibu ile ile, mkono wangu ule ule, na bado mengine yanaingia kama kidole kwenye asali na mengine yanakataa kabisa. Mzee aliniambia tuache, tupumzike. Mimi sikuweza. Niliyapanga mafungu mawili juu ya gazeti, yaliyokubali huku, yaliyokataa kule, nikayachunguza moja moja kwenye mwanga wa mlango.

Yaliyokataa yote yalikuwa na mkwaruzo mdogo kwenye ukingo wa kitako, kama alama ya jino. Yaliyokubali hayakuwa nao.

Nilimwonyesha. Alivaa miwani, akatazama kwa muda.

"Hiyo ni bunduki ya mudogo," alisema. "Ilikuwa inayauma wakati wa kuyatoa."

Akakaa. Akanieleza taratibu, na nilivyoona alikuwa akijieleza mwenyewe. Tumbo la bunduki ya mdogo wake, pale ganda linapolala, lilikuwa refu kidogo kuliko la yake, unene wa karatasi au mbili. Ganda lililopigwa humo lilitoka refu zaidi. Kwa hiyo kalibu iliyowekwa kwa kipimo cha bunduki yake haikulibana vya kutosha kuingia kwake.

Nikauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza. Zamani, yalipokuwa yakikataa, alifanyaje?

"Nilikuwa nakaza kalibu chini," alisema. "Nazungusha kidogo, najaribu. Nazungusha tena. Mpaka yote yaingie kwangu."

"Na yakiingia kwako, kwa mdogo wako yanakuwaje?"

 Alinyoosha mkono akachukua kile kitako kwenye kitambaa, lakini vidole havikukishika, kikaanguka. Nilikiokota. Akaniambia nitazame fataki, ile ya katikati. Nikamwambia imekaa vizuri, kingo zake za mviringo. Akaniambia nitazame chuma cha kitako kama kimetandazwa, kama kuna alama ya kupondwa. Nikamwambia hakuna. Baruti ikizidi, alisema, fataki hulala bapa, wakati mwingine hutoka kabisa. Akaniambia nitazame palipokatika. Palikuwa pamekatika duara safi, kama mtu aliyekata chupa ya plastiki kwa mkasi.

Kwenye droo kulikuwa na vibanio vya karatasi. Akanielekeza ninyooshe kimoja, nipinde ncha yake kama ndoana, niiingize ndani ya ganda jingine mpaka chini, kisha niivute juu polepole nikikwaruza ukuta. Nilifanya hivyo. Juu kidogo ya kitako ncha ilizama, ikakwama, kisha ikaruka. Nikarudia. Ilikwama pale pale. Kulikuwa na mfereji, ndani, usioonekana.

Alitaka aone mwenyewe. Nilimpa waya, akaushika kwa ngumi, akavuta, akavuta tena. Vidole vyake havikusikia kitu. Alijaribu mara ya tatu, akanirudishia.

"Unasema kweli?"

"Kweli, Mzee. Umekwama."

Kila alipokaza kalibu, alilifupisha ganda kwa ajili ya bunduki yake. Likienda kwenye bunduki ya mdogo wake lilikuta nafasi, likipigwa linavutika kuijaza, na linavutika pale pale, juu ya kitako. Safari hii na safari ijayo, ndani ya kopo moja, hakuna anayejua lipi limekwenda wapi mara ngapi, kwa kuwa zamani kila akibana alizipiga kingo msasa, na mkwaruzo ulionyesha bunduki ya mwisho tu. Mpaka shaba ikawa nyembamba kama kucha, na siku ile ikakatika.

Nilidhani atafurahi. Haikuwa divai. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mpaka chai ikawa baridi, kisha akasema twende, na nilete kopo, na nilete waya.

Tulitembea barabara tatu. Alikuwa na koti na kofia utadhani anakwenda ibadani. Getini aligonga kwa fimbo. Mdogo wake alitoka, mzee mwembamba mwenye sweta ya kijani, jicho moja limefungwa kwa ngozi iliyojikunja. Alituona, akasimama mbali. Nilitegemea atarudi ndani. Pengine lilikuwa kopo. Alilitazama muda mrefu, kisha akaja mpaka kwenye nondo za geti, na hakulifungua.

Kaka alianza kwa Kireno. Mdogo akamgeuzia upande usio na jicho. Akaanza upya kwa Kiswahili, na akaeleza yote, kalibu, mkwaruzo, fataki, bila kujitetea. Aliposema mfereji, mdogo alinitazama mimi.

"Na huyu ni nani?"

"Ni vidole yangu," mzee alisema.

Mdogo alipitisha mkono kwenye nondo. Nikampa ganda na waya. Vidole vyake vilikuwa vizima. Aliuvuta waya mara moja, taratibu, kichwa kimeinama upande kama anayesikiliza mlio wa mbali. Akarudia. Akaomba jingine. Nikampa. Gari lilipita na muziki mkubwa, likaenda, na yeye alikuwa bado anavuta.

"Haikuwa divai," alisema mwisho.

"Hapana."

"Miaka yote nilisema divai."

"Njo vile. Hata mimi."

Mdogo aliuchomoa waya, akanirudishia. Kisha akauliza, "Kubana, ulikuwa unabana lini?"

Mzee alielewa swali kabla yangu. Niliona mabega yake yakishuka.

"Muchana," alisema. "Jumamosi, muchana. Bado sijakunywa."

"Na mukono wako wote muzima."

"Muzima."

Mdogo alitikisa kichwa polepole. Hakupaza sauti. "Yaya," alisema, na mama wa spaza aliniambia baadaye kwamba neno hilo la kumwita kaka halikuwa limesikika mtaani miaka mingi, "mulevi nilikuwa nimemusamehe. Nilikuwa nangoja aje tu. Ningefungua hii geti. Sasa unaniletea mutu muzima, muchana, na akili yake yote. Huyu nimufanye nini?"

Kaka yake alivua kofia. 

"Lete kopo," mdogo akaniambia.

Halikupita kwenye nondo. Niliyamimina maganda juu ya kiguzo cha matofali kando ya geti, na yeye akanyoosha mikono kutoka upande wake akaanza kuyachambua. Alilisogeza kila ganda karibu kabisa na jicho lake, akatafuta mkwaruzo.

"Hii yangu," alisema. "Hii yako. Yako. Yangu."

Yaliyo yake aliyatia ndani ya sweta aliyoikunja tumboni. Yaliyo ya kaka yake aliyasukuma upande wetu, na baadhi yakaanguka chini, nikainama kuyaokota. Ilichukua muda. Mzee alisimama na kofia mkononi, akitazama vidole vya mdogo wake vikitenganisha kile ambacho baba yao aliwapa kikiwa kimoja. Mara moja alisema, kwa sauti ya chini, kwamba alama inaonyesha ya mwisho tu, haionyeshi yaliyotangulia. Mdogo hakusimama. Alipomaliza alichukua kile kitako kifupi pia, akakitazama, akakitia mfukoni. Kisha akarudi ndani, amekumbatia sweta yake, na mlango ukafungwa bila kishindo.

Niliyarudisha yaliyobaki koponi. Yalikuwa machache na yaligongana nilipotembea.

Kwenye robot, taa za kuongozea magari za barabara kubwa, tulisimama kungoja magari. Mzee alikuwa ameshika mkono wangu. Taa ikabadilika, watu wakavuka, yeye hakusogea.

"Jaribu moja," alisema. "Ya kwangu."

Nilijua anachotaka, kama hata haya yalishapita kwa mdogo wake. Nilitoa ganda lisilo na mkwaruzo, moja ya yale yaliyoingia kwenye bunduki yake laini bila kusumbua. Nikaingiza waya pale pale barabarani, watu wakitupita, nikavuta taratibu nikitamani uteleze. Juu kidogo ya kitako ukazama, ukakwama.

"Iko?" aliuliza.

Nikamwambia iko.

"Jaribu ingine."

Nilijaribu jingine, na jingine. Taa ilikuwa imerudi nyekundu. Safari ya porini hakuitaja tena, wala siku ile wala baadaye, na baridi ilipoisha binti yake alikuja kumchukua. Kibanda nilikivunja mimi kwa mkono wangu, mashine ilinunuliwa na mtu wa Germiston, nami nikaondoka Rosettenville mwezi huo huo. Lakini pale kwenye robot alikuwa bado ananisukumia maganda kwa kiganja, moja moja, kutoka kwenye kopo alilolichukua kwangu akalibana kwapani, akiangalia uso wangu badala ya waya.

"Na hii?"

"Iko, Mzee."